Swali la plonjeri wa Kimemi: mashini inayorudisha pumuzi ingetufaa?

Kijana mumoja wa hapa Kimemi, mwenye kuzamia mito ya Ituri juu ya zahabu, alituonyesha video kwenye telefoni yake. Mutu anashuka baharini na sanduku mgongoni, samaki wanamuzunguka, na hakuna hata povu moja inayopanda juu. "Huyu anapumua nini?" akatuuliza. "Sisi na kompresa, maji inachemka sawa chungu ya sombe. Ile mashini si ingetusaidia?"

Tulimwahidi jibu. Tunaliandika hapa, kwa sababu linawahusu pia wale wasioingia majini, wale wa mashimo.

Chombo kile kwa Kifaransa kinaitwa recycleur. Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 kwa 100. Tukiitoa, bado ina karibu 16. Mzamiaji wa chupa za kawaida anaitupa yote majini, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyotupa zaidi: kwenye mita 30 maji yanaikandamiza hewa mara 4, kwa hiyo chupa inaisha mara 4 haraka kuliko juu. Recycleur haitupi. Pumuzi inaingia katika mfuko, inapita ndani ya kopo la chokaa ya soda yenye kukamata gazi karboniki, oksijeni kidogo inaongezwa, kisha inarudi kinywani. Ni pumuzi ile ile inayozunguka.

Mtu aliyezamia miaka kumi na chupa, siku ya kwanza kwenye recycleur anakuwa mtoto tena. Yeye amezoea kujaza mapafu apande kidogo, kuyapunguza ashuke. Hapa hewa ikitoka mapafuni inaingia mfuko ulio kifuani, haiendi mbali, basi uzito haubadiliki. Anavuta pumuzi kubwa ili asiguse mawe, na anayagonga. Akitoa kipande cha kinywani bila kufunga kwanza kifungio chake, maji yanaingia, yanakutana na chokaa, na kile kinachorudi kinywani kinaunguza koo. Tena kabla ya kugusa maji lazima akae kando dakika kama 5, akipumua kwa mashini na macho kwenye kipimo. Wengi wanaona aibu, wanafikiri wanapoteza wakati.

Lakini yote hayo mtu anayazoea. Kilicho kigumu ni kuacha kuamini mwili wake. Chupa ya kawaida ikikaribia kuisha, unasikia: kuvuta kunakuwa kuzito, unapanda. Kwenye recycleur mfuko unaweza kujaa vizuri, pumuzi ikapita laini, na oksijeni imekwisha. Mwili wa binadamu hausikii vizuri ukosefu wa oksijeni. Kinachotufanya tuheme na kushikwa na woga ni gazi karboniki ikizidi. Chokaa ikishaiondoa, woga haupigi hodi. Mtu anajisikia muzuri, pengine anacheka, halafu anazimika. Njo maana mzamiaji anatembea na kipimo cha oksijeni kinachoonekana saa zote, na chupa ya pembeni ya kukimbilia mambo yakiharibika.

Chombo hiki kina undugu wa zamani na kazi ya udongo. Mwingereza Henry Fleuss alikitengeneza mwaka wa 1878: kinyago, mfuko, oksijeni katika chupa ya shaba, na nyuzi za kamba zilizoloweshwa potasi. Mwaka wa 1880, njia ya chini ya mto Severn waliyokuwa wakichimba ilikuwa imejaa maji. Kulikuwa na mlango wa chuma wa kufunga, karibu mita 300 ndani ya giza. Mzamiaji Alexander Lambert alijaribu na mpira wa hewa kutoka juu, mpira ukamshinda kuvuta. Fleuss mwenyewe akajaribu na chombo chake, akarudi. Mwishowe Lambert akakiazima, akafika, akaufunga mlango. Akazungusha na vana moja mpaka mwisho, akafikiri ameifunga, kumbe uzi wake ulikuwa wa kushoto: alikuwa ameifungua! Mwaka ule ule chombo kiliingia katika mgodi wa makaa ya Seaham, ambako mlipuko uliua watu zaidi ya 160. Na Courrières, kule Ufaransa, walipokufa watu 1.099 mwaka wa 1906, Wajerumani walikuja kusaidia na vyombo vya kupumulia. Siku hizi wazamiaji wa recycleur wanafika kwenye matumbawe ya kina karibu na Zanzibar. Kutoka huko wataalamu walitangaza mwaka wa 2019 samaki mpya wa rangi ya zambarau, wakamwita Cirrhilabrus wakanda.

Turudi kwetu. Kwenye mashimo yetu wengi wanashusha buji. Ikizimika, wanapanda. Si vibaya: moto unazimika oksijeni ikishuka karibu na 16 au 17. Lakini buji haioni monoksidi ya kaboni, ile gazi ya moshi wa motere. Itawaka vizuri kabisa na watu wanaanguka pembeni yake. Gazi ile haina harufu, haina rangi, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Motopompi ya esanse ikiwekwa ndani ya galeri ili kunyonya maji, inaijaza galeri. Mutu anaumwa kichwa, anasikia magoti yanalegea, anadhani ni njaa. Mwenzake anashuka kumvuta, naye anabaki. Tumezika ndugu wawili kwa siku moja kwa namna hiyo.

Kwa hiyo kijana tulimwambia hapana. Bei ya recycleur ni maelfu ya dola, mafunzo yake ni marefu, na katika tope la mto, mahali huoni hata mkono wako, kipimo utakisoma namna gani? Tena kwenye draga hatari yake ya kwanza iko juu ya maji. Kompresa inavuta hewa yoyote inayoipata. Ikikaa karibu na bomba la moshi, inakutumia moshi mpaka chini ndani ya mpira, na hapo chini unavuta moshi ule umekandamizwa.

Tukamwuliza: kwenye draga yenu, kutoka bomba la moshi mpaka mahali kompresa inavutia hewa, ni umbali gani?

Alinyamaza, akafungua mikono yake miwili kutuonyesha. Haikufika mita moja na nusu.

"Na upepo ukigeuka?" tukauliza.

"Ukigeuka, tunasikia tu harufu kwenye mpira," akasema. "Patron anasema ni ya esanse."