Notisi, Taarifa na Ilani: Istilahi za Kuhama Mtoa Huduma wa Intaneti

Miongoni mwa hati zinazowafikia wafasiri siku hizi ni mikataba ya huduma ya intaneti ya nyumbani. Si hati ndefu, wala lugha yake haina fahari yoyote. Hata hivyo kimo ndani yake kifungu kimoja ambacho tafsiri yake ikilegea, mteja huilipia kwa fedha zake. Nacho ni kile kinachoeleza namna atakavyomwacha mtoa huduma wake na kuhamia kwa mwingine.

Aghalabu kifungu hicho hufasiriwa hivi: "Mteja anayetaka kuvunja mkataba atoe taarifa siku 30 kabla." Sentensi ni nyepesi na yasomeka vizuri, lakini karibu kila neno lililomo lina walakini.

Tuanze na taarifa. Tumchukulie mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Tumati, wilayani Mbulu, mwenye ruta inayopokea intaneti kutoka mnara wa simu. Kama hununua kifurushi cha kulipia kabla, kifungu hiki hakimhusu sana, maana kifurushi kikiisha hadaiwi na mtu. Lakini kama hulipa ankara kila mwezi chini ya mkataba, akisoma neno "taarifa" atampigia simu wakala, amweleze nia yake, na kuona kwamba ametimiza wajibu. Wala hatumlaumu. Taarifa kwa Kiswahili ni habari: kuna taarifa ya habari redioni, na taarifa ya mapato na matumizi katika mkutano wa kijiji. Ikishasikiwa, kazi yake imekwisha. Kinachotakiwa na mkataba ni kitu kingine kabisa, yaani tamko ambalo likimfikia mhusika, siku zinaanza kuhesabiwa, na siku zikitimia mkataba unakoma.

Wako waliopendekeza ilani. Neno hilo ni zuri, na zamani lingeweza kufaa, ila limekwisha kuchukuliwa na vyama vya siasa; raia akisikia ilani hukumbuka uchaguzi. Tangazo nalo huwaelekea watu wote, kama lilivyo Tangazo la Serikali, ilhali mteja anamwelekea mtu mmoja tu.

Linabaki neno notisi, nasi twaliunga mkono. Mwalimu wetu alijua zamani, kabla hajawa na ruta. Kazini amesikia habari za mtu aliyeacha kazi kwa notisi ya saa 24 akalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 41, inataka notisi ya kukomesha ajira iwe ya maandishi, nayo imeweka vipimo: isipungue siku 7 ikitolewa katika mwezi wa kwanza wa kazi, baada ya hapo siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayeajiriwa kwa mwezi. Hivyo neno hili limekwisha kubeba maana ya maandishi, muda na matokeo. Wanaolikataa kwa kuwa ni la mkopo wakumbuke kwamba taarifa, ilani na hata mkataba vilikopwa pia, ila kutoka Kiarabu.

Kuhusu "kuvunja mkataba", hapa kosa ni kubwa zaidi. Anayevunja mkataba amekiuka masharti yake, naye aweza kudaiwa fidia. Anayetoa notisi ametimiza masharti. Kumwita mvunjaji ni kumtia hatiani kwa tafsiri. Wengine huandika kusitisha, lakini kilichositishwa chaweza kuendelea kesho. Tunaona kukomesha kunatosha.

Tena kuna "siku 30 kabla". Kabla ya nini? Mwalimu wa Tumati aandike barua tarehe 28 Machi, aipeleke Mbulu mjini, na kutoka huko isafiri hadi ofisi ya mtoa huduma, ifike tarehe 3 Aprili. Siku zikihesabiwa tangu kesho yake ya kuandika, mkataba unakoma tarehe 27 Aprili. Zikihesabiwa tangu kesho yake ya kupokelewa, unakoma tarehe 3 Mei, na pengine ankara ya Mei nzima itamfuata. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ina kanuni za kuhesabu siku, lakini hizo ni za kufasiria sheria zilizoandikwa. Mkataba wa watu wawili hauna budi kujieleza wenyewe. Asili isipoeleza, mfasiri asijitungie jawabu, bali amrudishie mwandishi swali.

Tusichanganye jambo hili na huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza nchini mwezi Machi 2017. Hiyo ni ya namba za simu, na mteja huanzia kwa mtandao anaouhamia. Huko Uingereza utaratibu wa namna hiyo umefikishwa kwenye intaneti ya nyumbani: tangu tarehe 12 Septemba 2024 mteja humwendea mtoa huduma mpya tu, na yule wa zamani haruhusiwi kumtoza ada ya muda wa notisi unaobaki baada ya siku ya kuhama. Mahali ambapo mkataba bado unataka notisi, twapendekeza maneno haya:

"Mteja anayetaka kukomesha mkataba atampa mtoa huduma notisi ya maandishi ya siku 30. Siku hizo zitahesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ambayo notisi imepokelewa."

Neno "maandishi" lisimtishe aliye mbali na posta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo mkataba usipotaja barua ya karatasi, mfasiri asiiongeze.