Mayi kwanza, kamundele nyuma: tupange upya chakula ya Stade Lumumba

Siku TS Malekesa na AS Nika wanakutana, Kisangani nzima inageukia Stade Lumumba. Toleka zinatoka Mangobo, Kabondo na Tshopo na watu juu. Wale wa Lubunga wanavuka mto mapema ili wasikose nafasi. Mbele firimbi ilie, wamama wamekwisha kupanga mabeseni yao: karanga, mayai ya kuchemsha, kwanga, makemba ya kuchoma, samaki ya kukaanga, kamundele kwenye mbabula, mayi ya sashe, sikre na pombe.

Wiki nzima tunabishana ju ya kocha, ju ya refa, ju ya mshambuliaji mwenye kukosa goli mbele ya mlango wazi. Lakini ju ya kile tunakula na kunywa pale, hakuna mwenye kuongea mpaka siku tumbo inaharibika. Leo tunataka kuongea hiyo. Tunaandika pia ju ya wandugu wa machimbo, maana hii habari inawagusa kupita vile watu wanafikiri.

Tumbo ya mchimbaji na mfuko ya mama

Mchimbaji wa almasi ao wa zahabu anayetoka Bafwasende ao Banalia na kufika mjini, moja ya furaha zake ni mechi. Anakaa na wenzake, anakula, anakunywa, na kesho yake anarudi kwenye shimo. Akipata kuhara njiani, ile kazi inasimama. Kwenye machimbo hakuna mshahara ya ugonjwa: anayelipwa kwa sehemu ya kile kimetoka, siku hakushuka, hakuna sehemu. Na akifika kambini akiwa mgonjwa, pale ambapo mayi ya kisima ni shida na vyoo ni vichache, haugui peke yake.

Kuna upande wa pili. Katika nyumba mingi, baba iko kwenye shimo, anangojea miezi mbili ao tatu mpaka kitu kionekane. Kwa muda ule, ni beseni ya mama njo inalipa masomo ya watoto na chumvi ya jikoni. Basi tukisema « chakula ya uwanja iko mbaya, tuwafukuze wauzaji », tunapiga nyumba zetu wenyewe. Kinachotakiwa ni chakula iwe bora na mama abaki na kazi yake. Hayo mawili yanawezekana pamoja.

Kolera inajua njia ya Kisangani

Hatuongei ju ya kutisha watu. Mwaka 2011, mwezi wa tatu, kolera ilianza Kisangani, ikashuka na mto pamoja na mashua na wasafiri, ikafika Mbandaka, kisha Kinshasa. Mwaka 2025 ilirudi tena katika Tshopo. Ile ugonjwa inapita kwa mayi na chakula vyenye kuchafuliwa na mavi ya mgonjwa. Mtu anaweza kuumwa saa chache tu nyuma ya kumeza microbe, ao mpaka siku tano. Kwa hiyo yule aliyekunywa mayi mabaya siku ya mechi anaweza kulala vizuri, kupanda pikipiki asubuhi, na kuanguka akiwa mbali na hospitali.

Sasa tufikirie uwanja: maelfu ya watu mahali pamoja, jua kali, kiu, vyoo haba, mikono iliyoshika pesa, mikono ile ile inashika samaki. Mtu mmoja mgonjwa anatosha.

Shida ya kwanza ni mayi

Ukiuliza mama kwa nini hanawi mikono kati ya mteja na mteja, jibu iko mbele ya macho: mayi iko wapi? Ameleta bidoni moja kutoka nyumbani, kichwani ao juu ya toleka. Ile bidoni ni ya kuosha sahani, ya kunywa, ya kunawa. Nyuma ya saa moja, beseni ya kuoshea imekuwa supu, na kila glasi inaingia mule.

Ndiyo maana tunasema mayi kwanza. Kwa kuanza haiombi kazi kubwa: matanki yenye robine karibu na milango, yajazwe asubuhi ya mechi, na sabuni kando yake. Ata bidoni yenye robine ndogo chini, juu ya meza, inasaidia, kwa sababu mayi yanatiririka na hayarudi kwenye mikono ya mtu mwingine.

Kwa mayi ya kunywa, yule asiyeweza kuchemsha atumie Javel. Kama etiketi inaonyesha klorini ya asilimia 5 ao 6, matone mawili yanatosha lita moja ya mayi yenye kuonekana safi. Koroga, ngojea dakika 30. Mayi yenye udongo ichujwe kwanza kwa kitambaa safi, na matone yawe manne. Javel nyingine sokoni ni dhaifu, nyingine haina etiketi kabisa: ile isiyo na etiketi, usiweke kwenye mayi ya watu. Na sashe, muangalie kama imefungwa vizuri na kama jina ya mwenye kuitengeneza iko. Sashe yenye fundo ya mkono, bila jina, ni mayi tu ndani ya plastiki.

Hesabu ya saa

Tuseme mechi inaanza saa tisa na nusu. Mapumziko ni saa kumi na robo. Mama aliyekaanga samaki saa tatu asubuhi anaiuza nyuma ya saa saba na zaidi, ikiwa imelala ndani ya beseni chini ya kitambaa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linafundisha kwamba chakula yenye kupikwa isikae zaidi ya saa mbili katika joto ya kawaida ya nje. Microbe zinapenda uvuguvugu: kati ya digri 5 na 60 zinazaana haraka.

Hakuna firigo pale uwanjani, na wala haihitajiki sana. Jibu iko katika kuchagua. Kuna vyakula ambavyo vinajilinda: karanga za kukaanga, yai katika ganda lake, makemba na mahindi ya kuchoma yanayotoka kwenye makala wakati mteja anasimama, kwanga ndani ya majani yake, safu wakati ya msimu wake. Kuna vyenye kutaka uangalizi: samaki na nyama zichomwe pale pale, kidogo kidogo, mpaka ndani isiwe na damu, na kisu cha nyama mbichi kisikate ile imeiva. Na kuna vya kuacha nyumbani: mayonezi, saladi, matunda yenye kukatwa toka asubuhi, wali na maharagi vilivyopoa.

Ya kufungia nayo ina maana. Jani yenye kuoshwa, ile tunafungia liboke na kwanga, inapita karatasi ya simenti. Inapita pia karatasi ya gazeti, ata hii yetu. Wino si kiungo. Gazeti ni ya kusoma; ukimaliza, washa nayo moto.

Pombe na chupa

Hatutaki kusema uongo kwamba mechi itachezwa bila bia. Lakini chupa ya kioo ikiisha, siku refa amekosea, inakuwa jiwe. Sheria moja rahisi inatosha: nje kwenye meza, chupa inabaki kwa muuzaji, ndani, kinywaji inaingia katika gobeleti ya plastiki. Mama naye anapata faida, kwa sababu hapotezi chupa zake.

Lotoko ni jambo ingine. Hakuna anayepima nguvu yake, na ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, sumu inayoua macho na mtu mwenyewe. Haina nafasi kwenye uwanja wenye watoto. Mahali pake, tangawisi yenye kuchemshwa, na bei ndogo, inaweza kupata wateja wengi, mradi glasi ziwe safi.

Tusifuate njia ya kufukuza

Kila mara watu wanasema « tutengeneze uwanja », wamama wanaogopa, maana mara mingi kutengeneza ni kuleta mtu mmoja mwenye pesa na kufunga wengine nje. Hii si shida yetu peke yetu. Kule Salvador, Brazili, wamama wenye kuuza acarajé, ile mikate ya kunde yenye kukaangwa katika mafuta ya ngazi, chakula iliyotoka Afrika pamoja na watumwa, walikuwa wanauza kwenye uwanja wa Fonte Nova toka zamani. Uwanja ulipojengwa upya kwa Kombe la Dunia la 2014, kanuni za FIFA zilikuwa karibu kuwaacha nje. Walijipanga katika shirika lao, wakaandamana, wakakusanya sahihi za maelfu ya watu. Mwaka 2013 sita kati yao waliruhusiwa kuuza pale. Sita si wengi. Lakini mlango ulifunguka kwa sababu walikuja pamoja na si mmoja mmoja.

Hapa kwetu likelemba iko tayari. Wamama 20 wakiweka kila mmoja franka 5.000, ni franka 100.000 kwa zamu moja. Mara ya kwanza bidoni zenye robine, mara ya pili meza, mara ya tatu kisanduku ya kioo ya kufunika mikate na mayai ju ya nzi. Halafu wachague mmoja wa kuongea na viongozi wa uwanja na wa timu. Kama mtu analipa pesa ya nafasi, ana haki ya kuuliza: mayi iko wapi, kivuli iko wapi, choo iko wapi? Na viongozi nao wana haki ya kuomba: kila muuzaji awe na kitambulisho, mikono safi, bei yenye kuandikwa.

Bei yenye kuandikwa ni faida pia. Mapumziko ni dakika 15 tu. Yule mwenye sehemu zimekwisha kugawanywa, bei ya mzunguko na pesa ya kurudisha mkononi, atauzia watu wengi mbele timu zirudi uwanjani. Yule anayebishana ataangalia wateja wakienda.

Sisi wanunuzi

Mambo haya yanaenda pia kwenye viwanja vya udongo kule kwenye machimbo, siku kambi moja inacheza na ingine. Pale hakuna kiongozi wa uwanja wa kulaumu; kuna bidoni, makala, mama na wateja.

Mteja njo mwenye nguvu ya mwisho. Mbele ya kutoa pesa, aulize mambo matatu: hii imepikwa saa ngapi? Mayi inatoka wapi? Mikono inanawiwa wapi? Aulize kwa heshima, kama mtoto kwa mama yake. Mwenye majibu mazuri, tununue kwake, na tuambie wenzetu. Mwenye kukosa majibu leo, atayatafuta mbele ya mechi ijayo.