Utumbo wako unayatambua mafuta!

Umewahi kujiuliza kwa nini ukila chipsi mayai saa nne, mpaka saa nane bado tumbo zito, lakini ukinywa uji mtupu njaa inarudi mapema? Jibu ni mafuta.

Sisi wa Tunduma tunaujua mpaka. Malori ya kwenda Zambia hayavuki yote kwa mkupuo, hukaguliwa kwanza. Tumboni nako ni hivyo hivyo. Chakula kikitoka kwenye mfuko wa tumbo huingia mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo mafuta huvunjwavunjwa kuwa asidi za mafuta, na seli maalumu za ukuta wa utumbo huzitambua. Seli hizo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Wanasayansi Ivy na Oldberg waliieleza huko Marekani mwaka 1928.

Homoni hii hufanya nini?
- Hukiminya kifuko cha nyongo ili nyongo imwagike na kuchanganyika na mafuta.
- Huliamsha kongosho litoe vimeng'enya vya kusaga chakula.
- Hupunguza kasi ya tumbo kupitisha chakula. Ndiyo maana chipsi zinakaa!
- Huupelekea ubongo habari kwa njia ya neva: "Imetosha, tumeshiba."

Habari hiyo haifiki papo hapo. Ukibugia chakula, sahani inaisha kabla ubongo haujaambiwa. Kwa hiyo kula polepole, tafuna vizuri.

Sasa sikiliza hili. Utumbo nao huzoea. Utafiti umeonyesha kwamba baada ya wiki mbili tu za kula mafuta mengi, tumbo huanza kuyapitisha haraka zaidi. Kwa watu wanene kupita kiasi, utumbo mara nyingi huyatambua mafuta kwa udhaifu, hivyo mtu anaweza kula zaidi bila kuhisi ameshiba. Habari njema ni kwamba ukipunguza mafuta, uwezo huo unaweza kurudi.

Magonjwa nayo huvuruga kazi hii. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo anaweza kupata maumivu makali juu ya tumbo, upande wa kulia, baada ya kula vya mafuta, kwa sababu kifuko kinajiminya huku njia imeziba. Vijidudu vya jiadia, vinavyopatikana kwenye maji machafu, huzuia mafuta yasifyonzwe. Choo huwa laini, kinanuka sana na kinaelea. Ukiona dalili hizi usikimbilie kununua vidonge dukani. Nenda zahanati ukapimwe.

Je, tuyakimbie mafuta? Hapana! Bila mafuta mwili haufyonzi vizuri vitamini A, D, E na K. Parachichi, karanga na mafuta kidogo ya alizeti kwenye mboga vinatosha sana. Chipsi ziwe za siku moja moja, siyo kila mapumziko.

Tumbo lako linasema. Lipe nafasi ulisikie.