Insha juu ya maarifa: mwanafunzi anaombwa kufikiri, si kukariri

Kabla ya siku zenyewe za mtihani wa Serikali, Exetat, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo wanapitia hors-session, ambamo wanaandika insha kwa Kifaransa, ile inayoitwa na wote dissertation. Mada inabadilika kila mwaka. Lakini katika somo la falsafa kuna ulizo moja ambalo halikosi kurudi: kujua ni kitu gani?

Wengi wanalijibu kwa kukariri. Wanashika utangulizi uliotayarishwa na mwalimu, majina mawili au matatu ya wanafalsafa, na sentensi ya kufungia. Kopi kama hiyo haina kosa kubwa, lakini haina pia mtu ndani yake. Kinachotofautisha insha yenye nguvu ni kwamba inashika ulizo moja, inalifuata hatua kwa hatua, na inafika mahali ambapo haikuwa mwanzoni.

Kuanza na neno lenyewe

Mwanafunzi wa Goma, Bukavu au Bunia ana faida ambayo mara nyingi haitumii: lugha anayozungumza nyumbani. Kwa Kiswahili mtu anasema "naijua Goma", "najua kuogelea", na "najua kwamba Goma iko kando ya ziwa Kivu". Neno ni moja, mambo ni matatu: kuzoea mahali, kuwa na ufundi, na kushika habari fulani kuwa ya kweli. Kifaransa kinatenganisha savoir na connaître. Mwenye kuonyesha tofauti hizo katika aya ya kwanza, kisha akachagua ni maana gani atakayochunguza, tayari amewatangulia wengi.

Hatua ya pili ni kutofautisha kujua na kuamini. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya zamani, katika kitabu chake Theaitetos, alipima wazo kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli na kuweza kutoa sababu yake. Mazungumzo ya kitabu hicho yanamalizika bila kulikubali. Mwaka 1963, Mmarekani Edmund Gettier alionyesha katika makala ya kurasa tatu tu kwamba hata mtu mwenye sababu nzuri na jibu la kweli anaweza kuwa hajui.

Mfano wake unapatikana hapa hapa. Mtu amesimama Goma usiku, anaona wekundu juu ya Nyiragongo, anasema: kuna lava ndani ya kreta. Kumbe wekundu ule unatoka kwenye majani yanayoungua mteremkoni. Lakini siku hiyo lava ipo kweli ndani ya kreta. Alichosema ni kweli, na alikuwa na sababu ya kukisema. Je, alijua, au alibahatisha? Mwanafunzi akiandika mfano huo kwa maneno yake, msahihishaji ataona kwamba ameelewa Gettier, hata kama jina hilo amelisahau.

Tetesi na ushuhuda

Waswahili wanasema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Insha nzuri haiachi methali hiyo ipite bila kuulizwa. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018 na kumalizika mwezi wa sita 2020, kulisemwa sana kwamba ugonjwa haupo. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Lililosemwa halikuwapo.

Hata hivyo, kukataa kila neno la wengine pia hakuwezekani. Wakaaji wengi hawakuona kirusi kwa macho yao. Walitegemea maneno ya waganga na ya maabara. Basi ulizo la kweli si "nimeona au nimesikia?", bali "nimesikia kwa nani, na yeye amejuaje?"

Mwezi wa tano 2021 unaleta ulizo gumu zaidi. Jioni ya tarehe 22, Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27, viongozi waliagiza wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma watoke. Maelfu na maelfu walienda Sake, Rwanda, na ng'ambo ya ziwa. Mlipuko wa pili haukuja. Je, viongozi walikosea? Hapa mwanafunzi anaweza kutenga mambo mawili: kujua kwamba hatari ipo, na kujua kwamba jambo litatokea. La kwanza linaweza kuwa kweli bila la pili. Familia iliyolala njiani na watoto ina haki ya kuuliza, lakini jibu linahitaji tofauti hiyo.

Nani anaitwa mwenye kujua?

Kuna pia wanafikra wa Congo wenyewe. V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, aliuliza katika The Invention of Africa, kitabu cha mwaka 1988, namna maarifa juu ya Afrika yalivyotengenezwa na watu wa nje. Kumtaja kwa heshima tu hakutoshi. Afadhali kutumia ulizo lake: katika kitabu cha shule, nani anasema, na nani anasemwa?

Inabaki sehemu inayosahaulika zaidi: pingamizi. Kabla ya kumaliza, mwandishi ajiulize mtu mwenye akili angempinga namna gani, aandike pingamizi hilo kwa haki, kisha alijibu au akubali mpaka wa wazo lake.

Exetat itapita na diplome itapatikana. Lakini kesho yake simu italeta ujumbe kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, au maji fulani yana sumu. Aliyejifunza kuuliza "tunajuaje?" atauliza kabla ya kuusambaza.