Maadili Ubaoni, Fimbo Mkononi

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, mwalimu akitoka darasani humwachia kiongozi wa darasa kazi moja: kuandika majina ya wapiga kelele. Kiongozi mwenyewe ni mtoto wa miaka tisa au kumi. Anasimama mbele na kalamu yake, darasa linatulia dakika mbili tatu. Jina la kwanza linaandikwa, mwenye jina anakana, jirani yake anacheka, naye anaandikwa. Mwalimu akirudi, karatasi inasomwa na fimbo inafanya kazi. Aliyepitia madawati hayo anaijua pia biashara ya pembeni: jina hufutwa kwa nusu andazi, na uliyegombana naye jana huandikwa hata kama leo hakufumbua mdomo.

Hapo ndipo watoto wanapofundishwa kujizuia na kuwajali wenzao, kila siku, bila kitabu. Kitabu nacho kipo. Kwa miaka kadhaa lilifundishwa somo la Uraia na Maadili, na katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 limeingia la Historia ya Tanzania na Maadili. Ustahimilivu umo, heshima imo, kujali wengine kumo. Ila darasani somo hupita njia ileile ya masomo yote: mwalimu aandika ubaoni, watoto wananakili, kisha mtihani. Mwenzako amekumwagia maji kwa bahati mbaya, utafanya nini? Mtoto anachagua C, anapata alama yake, na mapumziko akimwagiwa maji anarusha ngumi. Sioni ajabu. Alichofundishwa ni kuchagua jibu.

Uganda walijaribu kuanzia kwa watu wazima. Shirika la Raising Voices la Kampala liliandaa mpango uitwao Good School Toolkit: hatua sita, kamati za shule, walimu na wanafunzi wa kuusimamia, na mijadala mirefu juu ya namna ya kumrudi mtoto bila kumpiga. Watafiti waliupima wilayani Luwero katika shule za msingi 42. Nusu zikapewa mpango, nusu zikasubiri. Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa. Katika shule zilizosubiri, asilimia 49 walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Penye mpango walikuwa asilimia 31.

Tofauti hiyo si ndogo, na waliofanya kazi wanastahili kujivunia. Lakini itazame ile 31. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu, kwa wiki moja tu, katika shule zilizokaa vikao mwaka mmoja na nusu, na katika nchi ambayo wizara ilikataza viboko shuleni tangu 2006. Alama za masomo nazo hazikupanda. Tena watoto walipopata mtu wa kuwasikiliza walisema mengi, hata 434 kati yao wakaelekezwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Anayepanga mradi wa kuwafundisha watoto kueleza yanayowauma ajue kwanza nani atayapokea hayo maelezo, maana ofisi ya ustawi wa jamii huwa mbali na shule.

Wenye fedha hawajafanya maajabu zaidi. Marekani walipima programu saba za tabia njema katika shule 84 za msingi, na ripoti ya 2010 ikasema kwamba kwa wastani hazikuleta mabadiliko.

Kilichonivutia ni kitu kidogo kuliko yote hayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, huko Kansas, mwalimu wa darasa la nne alianzisha mchezo: aligawa darasa makundi mawili, akaweka alama ubaoni kila kundi lilipovunja kanuni. Kundi lenye alama chache lilipata upendeleo, kama kutangulia kupanga foleni ya chakula. Mwaka 1983 ikachapishwa taarifa ya mchezo huohuo katika darasa la pili la shule moja Sudani, nako vurugu zikapungua. Kinachohesabiwa ni makosa yaleyale anayoyaandika kiongozi wetu wa darasa, ila hesabu iko ubaoni mbele ya wote, na mtoto anajizuia kwa ajili ya kundi lake. Gharama yake ni chaki. Labda ndiyo maana hauna semina wala posho.

Simlaumu mwalimu mwenye watoto mia moja saa saba mchana. Kujitawala katika hali hiyo ni kazi ngumu, na hakuna mradi unaompunguzia idadi. Hata hivyo kanuni zetu Tanzania zinasema viboko vitolewe na mwalimu mkuu, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mzazi, kikao kijacho cha shule, kabla hujauliza wastani wa ufaulu, omba kukiona kitabu hicho.