Kabla hujamnunulia mtoto baiskeli, kagua breki na usukani

Mtoto akianza kuomba baiskeli, wazazi wengi huangalia bei, rangi na hali ya tairi. Kwa upande wa afya, kuna vitu viwili vya kukagua kwanza: breki na usukani. Breki humwepusha mtoto na ajali. Usukani unaweza kumuumiza ajali ikishatokea, na majeraha yake mara nyingi hayaonekani kwa nje.

Breki: kipimo ni vidole vya mtoto

Nenda na mtoto dukani au kwa fundi. Apande, ashike usukani, kisha anyooshe vidole. Je, vinafika kwenye kishikio cha breki bila kuachia usukani? Je, ana nguvu za kukivuta? Kikigusa usukani kabla baiskeli haijasimama, breki imelegea.

Jaribu breki moja moja. Sukuma baiskeli huku umebana ya mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma. Raba za breki ziguse rimu, si tairi, na zisiwe zimelika. Waya usiwe na nyuzi zilizokatika. Kama breki moja haifanyi kazi, itengenezwe kabla mtoto hajapanda.

Kwa mtoto mdogo ambaye vidole vyake havina nguvu, inafaa baiskeli inayosimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mfundishe pia kwamba rimu ikilowa mvua breki hushika kwa kuchelewa, hivyo apunguze mwendo na kubana mapema.

Usukani: angalia ncha zake

Kwa anayejifunza, chagua usukani ulionyooka. Ule wa baiskeli za mbio, uliopinda kwenda chini, humfanya ainame sana, na breki zake huwa ngumu kufikiwa na mikono midogo. Bana gurudumu la mbele kwa magoti yako, kisha jaribu kugeuza usukani. Ukigeuka wenyewe huku gurudumu limetulia, nati zikazwe.

Sasa tazama ncha mbili za usukani. Mtoto anapoanguka, gurudumu la mbele hugeuka upande na ncha moja inaweza kumwelekea tumboni. Akiiangukia, uzito wake wote huishia mahali padogo. Ini, bandama, kongosho au utumbo vinaweza kuumia hata kama ngozi ina alama ndogo tu, au haina kabisa. Mpira wa kushikia ukiwa umetoboka na bomba la chuma limejitokeza, hatari huongezeka. Ubadilishe. Kofia ngumu ni muhimu kwa kichwa, lakini hailindi tumbo.

Mtoto akiangukia usukani

Muulize kwa upole amegonga wapi, kisha angalia tumbo lote. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- tumbo linauma, ni gumu au linavimba
- alama ya duara au mchubuko tumboni
- anatapika
- mkojo una damu
- amepauka, ana kizunguzungu au amelegea
- bega linamuuma ingawa halikugongwa

Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa au hata siku, kwa hiyo endelea kumwangalia anapocheza, anapokula na anapolala. Usimchue wala kumkanda tumbo. Usimpe dawa ya maumivu ukabaki nyumbani kusubiri. Ukifika kituoni, sema wazi: “Tumbo lake liligonga usukani wa baiskeli.” Maelezo hayo humwonyesha mhudumu pa kuanzia.

Watoto wengi huficha kuanguka kwa kuogopa kugombezwa. Siku unapomkabidhi baiskeli, mwambie hivi: ukianguka, njoo uniambie siku hiyo hiyo, sitakugombeza.