Umeme wa Jua Kutoka Angani (Sehemu ya Pili): Uwanja wa Kupokelea Uwe Wapi?

Wiki jana tulimwona Peter Glaser, aliyependekeza mwaka 1968 paneli za sola zipelekwe angani na umeme wake urushwe duniani kwa mawimbi ya mikrowevu. Leo tushuke ardhini.

Mkazi wa Ogembo, hapa Kisii, hahitaji kushawishiwa sana. Asubuhi paneli iliyo juu ya bati la kinyozi hufanya kazi vizuri. Ikifika saa tisa alasiri wingu limetanda, mvua inapiga mabati, na mashine inazimika mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako paneli za Glaser zingekaa, hakuna wingu, na giza ni la nadra: hadi dakika 70 hivi kwa siku, tena majira ya Machi na Septemba tu. Mikrowevu nazo hupenya mvua bila kupungua sana.

Isitoshe, sisi tuko pazuri. Setilaiti yenye paneli hizo ingekaa juu ya ikweta, na Ogembo haijafika hata digrii moja kusini mwake. Mawimbi yangetua karibu wima, na uwanja wa antena ya kuyapokea ungekuwa duara. Ulaya yangetua mshazari, na uwanja ungerefuka.

Shida ni duara lenyewe. Mpango wa Wamarekani wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa wa megawati 5,000, takriban mara mbili ya kilele cha matumizi ya Kenya nzima, na uwanja wenye upana wa kilomita 10. Huwezi kuupunguza upendavyo, kwani mawimbi hutawanyika safarini. Kuyabana kunataka antena kubwa zaidi huko juu, na ile ya mpango tayari ilikuwa na kipenyo cha kilomita 1. Duara hilo ni kilomita za mraba 78. Kwa sensa ya 2019, Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Piga hesabu: watu 70,000 wahamishwe, pamoja na migomba, majani chai na makaburi ya wazee. Na hapa ndugu hushtakiana kwa mpaka wa hatua tatu!

Wapo wanaosema antena ya ardhini ni wavu tu, mtu anaweza kulima chini yake. Nyasi za ng'ombe, labda. Kuishi humo, sidhani: katikati ya uwanja mpango uliweka wati 230 kwa mita ya mraba, ilhali kiwango salama kwa umma ni 10.

Mahali pake ni kwenye nyika, mathalani Garissa, ambako mtambo wa sola wa megawati 50 ulizinduliwa 2019. Sisi umeme ungetufikia kwa nyaya zilezile zinazokatika mvua ikinyesha.

Wiki ijayo: jaribio la Caltech la 2023.